Magazeti Madogo ya Waandishi wa Kampala

Wanafunzi wenzangu, vitabu tunavyosoma katika darasa la fasihi vina majina ya wachapishaji wa London na Nairobi, basi ni rahisi mtu kudhani kwamba mwandishi huzaliwa siku kitabu chake kinapotoka. Sivyo. Baadhi yao walianza katika gazeti dogo, lililotengenezwa na wanafunzi wasiolipwa, papa hapa Uganda, katika mji wa Kampala. Nataka kueleza habari za magazeti ya namna hiyo, maana na sisi tunazo kurasa chache za Kiswahili katika gazeti hili la shule, nazo zimo hatarini kufa kwa kukosa watu wa kuziandikia.

La kwanza ni Penpoint, maana yake ncha ya kalamu. Lilianza mwaka 1958 katika idara ya Kiingereza ya Chuo cha Makerere. Walioandika ni wanafunzi, na waliohariri ni wanafunzi. Mwaka 1960 kijana mmoja kutoka Kenya, aliyeitwa siku zile James Ngugi, alimsimamisha mwenzake Jonathan Kariara karibu na bweni la Northcote. Kijana huyo ndiye Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025. Kariara alikuwa mwaka wa mwisho, na alishughulika sana na Penpoint. Ngũgĩ akamwambia kwamba ameandika hadithi fupi, je, angependa kuitazama? Kumbe hakuandika kitu. Alikuwa na wazo tu kichwani. Kariara alipoonyesha hamu ya kuiona, ikambidi Ngũgĩ aende akaiandike kweli. Ndiyo hadithi ya mwanamke na mti wa mugumo, nayo ilitoka katika Penpoint mwaka ule ule.

Habari hiyo aliisimulia Ngũgĩ mwenyewe, nami naipenda kuliko sifa zote alizopewa baadaye. Yaonyesha kwamba kazi ya kwanza ya mhariri si kukata maneno kwa wino mwekundu. Kazi yake ni kuwa mtu ambaye mwenziwe aweza kumsimamisha njiani. Kama Kariara angalisema ana mtihani, sijui hadithi ile ingaliandikwa lini. Miaka michache baadaye, mwaka 1965, mwalimu David Cook alikusanya maandishi ya wanafunzi hao katika kitabu, na watu wa nchi za mbali wakayasoma.

Gazeti la pili ni Transition, yaani mpito. Hili halikuwa la chuo. Lilianzishwa mwaka 1961 na Rajat Neogy, aliyezaliwa Kampala mwaka 1938 katika jamaa ya Kihindi. Alikuwa kijana wa miaka 22 tu. Alipiga chapa hadithi, mashairi na mabishano ya siasa, na sehemu yake kali kuliko zote ilikuwa barua za wasomaji. Huko watu walijibizana bila kuoneana haya.

Hapo ndipo jambo linapotugusa sisi tunaoandika Kiswahili. Mwezi wa Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere. Walikuwapo Chinua Achebe, Wole Soyinka na wengine wengi, lakini mwaliko ulikuwa kwa wale waandikao Kiingereza. Ngũgĩ alisema baadaye kwamba yeye, aliyekuwa mwanafunzi, aliingia kwa hadithi zake mbili fupi, moja ya Penpoint na moja ya Transition. Lakini Shaaban Robert wa Tanganyika, mwenye vitabu vingi vya mashairi na nathari, hakuwa na nafasi, kwa sababu aliandika Kiswahili. Na mwezi ule ule wa Juni Shaaban Robert alifariki dunia. Kila nikikumbuka hayo huona uchungu.

Mwaka uliofuata, Septemba 1963, Mnaijeria Obi Wali aliandika katika Transition kwamba fasihi ya Afrika katika lugha za Ulaya ni njia isiyo na pa kutokea. Wengi walimkasirikia, na barua zao zikapigwa chapa. Mwaka 1965 Achebe alikitetea Kiingereza, akisema Mwafrika aweza kukigeuza kifuate mambo yake. Mimi namwunga mkono Obi Wali, ingawa namsifu Neogy pia, maana alimpa nafasi mtu aliyeupinga msingi wa gazeti lenyewe.

Lakini karatasi na chapa hutaka fedha. Transition lilipata msaada kutoka chama kimoja cha utamaduni chenye makao yake Paris, na katika miaka ya 1966 na 1967 ikajulikana kwamba fedha za chama hicho zilitoka kwa shirika la upelelezi la Marekani. Neogy alisema hakujua. Hata hivyo jina la gazeti lilipata doa. Kisha, Oktoba 1968, serikali ya Milton Obote ilimkamata Neogy pamoja na Abu Mayanja, mbunge aliyeandika gazetini kuikosoa Katiba. Neogy alifunguliwa mwaka 1969, akaenda Ghana, na gazeti likafufuliwa Accra mwaka 1971. Leo Transition liko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Harvard. Kampala ililizaa, haikulilea mpaka mwisho.

Penpoint nalo lilibadilishwa jina mwaka 1971, likaitwa Dhana. Jina zuri la Kiswahili, na ndani yake Kiingereza! Sikosi kucheka kidogo.

Msidhani kwamba habari hizi zimekwisha na wazee. Katika miaka ya 1990 wanawake waandishi wa Kampala, wakiongozwa na Mary Karooro Okurut, aliyekuwa mwalimu wa Makerere, walianzisha chama chao, FEMRITE. Chama hicho kilipata nyumba Kamwokya, na humo watu wamekuwa wakikutana kusomeana maandishi na kusahihishana. Mmoja wa wanachama wake, Monica Arac de Nyeko, alipata tuzo ya Caine mwaka 2007, wa kwanza kutoka Uganda.

Hapa shuleni nimeambiwa mara nyingi kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na ya sokoni, haifai kwa hadithi. Anayesema hivyo hajasoma hata ukurasa mmoja wa Shaaban Robert. Tena sisi hatuhitaji fedha za Paris: karatasi twapewa na shule, na chapa ni moja na ile ya kurasa za Kiingereza. Kilichopungua ni maandishi. Toleo lililopita tulipata mashairi mawili na fumbo moja, basi.

Sanduku la maandishi lipo mlangoni mwa maktaba. Andika upande mmoja wa karatasi, na jina na kidato chako juu. Wahariri tu watatu, nasi hukutana Jumamosi baada ya kufua nguo. Mwandishi aweza kukaa nasi karatasi yake inaposomwa. Barua za kuipinga makala hii tutazipiga chapa pia, ila ziwe za Kiswahili.