Tohara na Najisi: Msamiati wa Dola kuhusu Mwili wa Msichana Mjini Meru

Utangulizi

Kinoru ni mtaa wa mji wa Meru, nao hujulikana zaidi kwa uwanja wake wa michezo. Tarehe 1 Juni 2018 sherehe za kitaifa za Siku ya Madaraka zilifanyika katika uwanja huo, na dola ikawahutubia wananchi. Miaka mitano kabla ya hapo, katika mji huohuo, mambo yalikuwa yamekwenda kinyume, kwani wasichana ndio walioihutubia dola. Mnamo tarehe 27 Mei 2013 Jaji J. A. Makau wa Mahakama Kuu ya Meru alitoa uamuzi katika kesi ambayo baadaye ilifahamika kama kesi ya wasichana 160. Walalamishi walikuwa watoto 11 waliotambulishwa kwa herufi za kwanza za majina yao tu, pamoja na shirika la Ripples International lililokuwa limewapa hifadhi. Walidai kwamba walitendewa unyama, wakaripoti, na polisi wakapuuza kuchunguza. Mahakama ilikubaliana nao kwamba kupuuza huko kulivunja haki zao za kikatiba, ikawaamuru polisi wafanye uchunguzi wa haraka na wa kitaalamu.

Wanasheria wameijadili sana kesi hii. Makala haya yanaitazama kwa upande wa lugha, na yanashikilia kwamba msamiati wa Kiswahili ambao asasi za dola nchini Kenya huutumia kuhusu mwili wa msichana humbebesha mtoto doa la kosa alilotendewa.

Jozi ya maneno

Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inatofautisha kumbaka mtu mzima na kumwingilia mtoto aliye chini ya miaka 18. Kosa la pili huitwa kwa Kiswahili cha mahakamani, cha vituo vya polisi na cha magazeti, kunajisi. Adhabu yake ni kali: kifungo cha maisha mtoto akiwa na umri wa miaka 11 au chini yake. Ukali huo wa adhabu, hata hivyo, haukuondoa ukali wa neno.

Najisi ni neno la asili ya Kiarabu, na katika matumizi ya pwani ni istilahi ya kidini. Ni uchafu unaobatilisha ibada, kama ule wa mbwa na nguruwe, na kilichoguswa nao sharti kioshwe. Kinyume chake ni twahara, yaani usafi. Ikumbukwe kwamba tohara, neno la jandoni, limetokana na mzizi huohuo. Basi tukiyaweka maneno haya mawili bega kwa bega tunapata jambo la kushangaza. Msichana aliyekatwa viungo vyake "ametahiriwa", yaani ametakaswa, ilhali msichana aliyeshambuliwa "amenajisiwa", yaani amechafuliwa. Katika hali zote mbili hakutenda lolote.

Yamkini msomaji atapinga kwamba Mmeru aliyejifunzia Kiswahili shuleni hana habari na fiqhi ya pwani. Pingamizi hili halina uzito mkubwa. Biblia ya Kiswahili, hasa Kitabu cha Mambo ya Walawi, imejaa neno najisi, na waumini wa makanisa ya Meru wamelisikia tangu utotoni likielezea vitu vya kuepukwa. Mtoto anayeambiwa kituoni kwamba amenajisiwa anaelewa vizuri anachoambiwa.

Kwa upande wa tohara, mabadiliko yamepatikana. Sheria ya mwaka 2011 iliyopiga marufuku ukataji huo iliendana na kuenea kwa neno ukeketaji. Kukeketa ni kukata kwa kifaa butu, kwa kupelekapeleka kisu. Neno hili halina adabu, na hiyo ndiyo sifa yake: halimsifu mkataji wala halimtii mkatwaji doa.

Ngaitana

Hata hivyo, neno jipya na sheria mpya havitoshi vikishushwa kutoka juu, na Meru inaujua ukweli huu kuliko mahali pengi. Mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari, baraza la wazee la Njuri Ncheke lilipiga marufuku tohara ya wasichana kwa ushirikiano na maafisa wa serikali ya kikoloni. Wasichana walinunua nyembe, wakaingia vichakani, wakakatana wenyewe. Waliitwa Ngaitana, neno la Kimeru lenye maana ya "nitajitahiri". Katika miaka mitatu iliyofuata watu zaidi ya 2,400, wakiwemo wasichana wenyewe, walishtakiwa kwa kukaidi amri hiyo.

Mwanaisimu hawezi kuipita kauli hiyo bila kusimama. Ni kauli ya kujirejelea, yenye nafsi ya kwanza: mimi, nitajitenda. Hakuna haja ya kuusifu wembe ili kuona kwamba wasichana hao waliikataa kauli ya kutendwa, iwe ilitamkwa na wazee au na bwana shauri. Marufuku yaliamuliwa na wanaume wa rangi mbili, na hakuna aliyewauliza wenye miili.

Mtenda ni nani?

Sentensi ya kawaida ya gazeti husema: "Msichana wa miaka tisa alinajisiwa." Kiambishi cha kutendwa kinamruhusu mtenda atoweke kabisa, huku mtendwa akibaki peke yake mwanzoni mwa sentensi na uchafu wake. Uzito wa uamuzi wa mwaka 2013, kwa mtazamo wa makala haya, ni kwamba ulimrudisha mtenda. Tena ulimpata mtenda wa pili ambaye hakutarajiwa: polisi walishindwa kuchunguza. Dola yenyewe ikawa kiima cha kitenzi.

Je, pana badala ya kunajisi? "Dhuluma za kimapenzi", wanavyosema baadhi ya watangazaji, ni balaa zaidi, kwani mapenzi hayakuwapo. Kubaka mtoto kunafaa. Wapo watakaosema kwamba ubakaji huhitaji kuthibitisha ukosefu wa ridhaa, na mtoto hana ridhaa ya kutoa. Lakini Tanzania, tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, humhesabu aliyemwingilia msichana wa chini ya miaka 18 kuwa mbakaji, awe aliridhia au hakuridhia, ingawa iliacha mwanya kwa mke wa miaka 15 na zaidi. Mwanya huo ni aibu ya sheria. Neno halina kosa.

Suala hili si la kamusi pekee. Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 inataja huduma za afya ya uzazi miongoni mwa haki za kila mtu, na dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi sharti zianze kutumiwa ndani ya saa 72. Saa hizo hupita wakati mama anatafuta namna ya kumweleza muuguzi au askari asiyejua Kimeru lililompata bintiye. Lugha aliyo nayo ni Kiswahili, na neno analopewa na Kiswahili hicho ni lile analoona haya kulitamka mbele ya mtoto.