Mwanangu kaandika machafu kwenye grupu la timu, sasa anatolewa kikosini

Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Morogoro. Mkubwa ana miaka 17, yuko Kidato cha Nne. Ni beki wa kushoto na amechaguliwa kikosi cha wilaya kwa ajili ya UMISSETA. Mwezi ujao wanaingia kambini.

Wakati wa likizo wachezaji wa shule yao waliunda grupu la WhatsApp, la wavulana peke yao. Humo wakaanza kuwapa maksi wasichana wa netiboli, nani mzuri nani mbaya, na kuandika mambo ya maumbile ambayo siwezi kuyarudia gazetini. Binti mmoja walimpa jina la mnyama kwa sababu ya weusi wake. Mwanangu aliandika meseji mbili, moja ndiyo hiyo ya jina. Wengine walicheka tu na kutuma stika.

Binti yangu wa Kidato cha Pili alichukua simu ya kaka yake, akazipiga picha meseji zile na kumtumia rafiki yake. Kufika Jumatatu shule nzima ilikuwa nazo. Yule binti ameacha kuja mazoezini. Mwalimu wa nidhamu anasema wachapwe viboko yaishe. Mkuu wa shule anasema walioandika hatawaruhusu kwenda kambini.

Shangazi, yale yalikuwa maneno ya faragha. Hakuna aliyemtukana mtu usoni. Ni watoto, walikuwa wanataniana. Kuna watu wa timu ya vijana ya klabu moja ya Dar wameahidi kuja kumwangalia kwenye mashindano. Akikosa hapo, basi tena. Namfahamu mjumbe mmoja wa bodi ya shule, nimpigie? Na huyu binti yangu aliyetoa siri ya kaka yake nimfanye nini? Tangu siku ile sisemi naye.

Mama wa Beki, Morogoro

*

Mama,

Kijana wako yumo katika barua hii tangu juu hadi chini: namba anayocheza, kidato chake, watu wa Dar wanaokuja kumtazama. Yule binti amepata sentensi mbili, na ya pili umeipita kama mtu anayepita mbele ya msiba wa asiowajua. Ameacha kuja mazoezini. Mimi ndipo nilipokwama hapo.

Unaniuliza kama ni haki vijana waadhibiwe. Adhabu imeshatolewa, mama. Shuleni kwenu kuna mchezaji ambaye tayari yuko nje ya timu, na hakuandika neno hata moja. Anachoamua sasa mkuu wa shule ni kama ataiacha adhabu hiyo ikae ilipoangukia, au ataihamishia kwa wenyewe.

UMISSETA unaijua. Wanaocheza mpira wa miguu, netiboli, wavu, wanaokimbia riadha, wote ni msafara mmoja: basi moja, kambi moja, foleni moja ya wali na maharage, wiki nzima na zaidi. Mwekee yule binti nafasi katika basi hilo, wenye grupu wakiwa viti vya nyuma. Akichaguliwa hatakwenda. Atasema anaumwa, au mama yake amemkataza, na hakuna atakayeandika popote kwamba alitolewa.

Hoja yako ya faragha siidharau. Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda mawasiliano binafsi ya kila mtu, na sikusoma popote kwamba inamwacha nje mwanafunzi. Mkuu wa shule angekuwa amekusanya simu za wavulana apekue wanasema nini juu yake, ningekuwa upande wako, tena kwa sauti. Hata wenye mpira wao wameliona hili. Malky Mackay, Mskoti aliyekuwa kocha wa Cardiff City, alikutwa na meseji za kibaguzi na za kudharau wanawake alizokuwa akitumiana na mwenzake wa kazini. Zilipatikana klabu ilipokuwa ikichunguza mambo ya usajili wa wachezaji. Mwaka 2015 Chama cha Soka cha Uingereza kiliamua kutomchukulia hatua, kwa sababu waliotumiana meseji hizo walikuwa na haki ya kutarajia kwamba zitabaki kati yao. Lakini sikiliza na upande wa pili. Mwaka mmoja kabla ya uamuzi huo, habari zilipovuja, Mackay alikuwa mlangoni mwa Crystal Palace kuchukua kazi, na kazi ile ikafa siku zilezile. Faragha ilimkinga na chama. Haikuwalazimisha Palace kumwajiri.

Zile zilikuwa meseji za watu wazima wawili. Grupu la timu nzima ni kitu kingine. Hicho ni kikosi kinakutana bila kocha, na kinachosemwa humo kinatoka nacho kwenda uwanjani, kwa watu walewale waliokuwa wakisemwa.

Kisa kinachofanana na chenu kilitokea Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 2012 wachezaji wa timu ya soka ya wanaume waliandika faili la kuwachambua wasichana wapya wa timu ya wanawake, kila mmoja na maksi yake, picha yake, na maelezo ya kitandani waliyoyabuni wenyewe. Wakatumiana kwa barua pepe za timu. Miaka minne baadaye gazeti la wanafunzi wa chuo hicho likalifichua. Walioliandika walishamaliza masomo, na ungedhani jambo lingeishia hapo. Chuo kikachunguza, kikakuta mchezo ule ulikuwa ukiendelea hadi msimu wa 2016, na kwamba wachezaji walipoulizwa hawakusema kweli mapema. Timu ilikuwa inaongoza ligi yao, zimebaki mechi mbili. Msimu ukafutwa. Wasichana sita waliochambuliwa katika faili lile waliandika makala gazetini, wakaweka majina yao hadharani, wala hawakuandika kwa kulialia.

Nina neno na Harvard pia. Kufuta msimu wa timu nzima ni kumpiga na yule ambaye hakuandika wala hakucheka. Mkuu wenu wa shule amepima vizuri zaidi anaposema walioandika. Ila kinachonifanya nikusimulie habari hii ni pale waliposhindwa kusema kweli mapema. Kijana wako bado ana nafasi hiyo. Asifute chochote katika simu, asiseme “sikumbuki,” asijifiche nyuma ya wenzake. Meseji ni mbili, akiri mbili.

Sasa utani. Tunaujua utani sisi. Mtani wako anakutania usoni, na wewe una ruhusa ya kumrudishia, hata msibani, hata mbele ya jeneza. Simba na Yanga wanaishi kwa huo. Yule binti angerudisha vipi katika grupu ambalo hakuwemo? Na neno lenyewe lilikuwa juu ya rangi ya ngozi, katika nchi ambayo mkorogo unauzwa chini ya meza ingawa umepigwa marufuku. Msichana anayeitwa vile na wavulana wa shule nzima, mimi na wewe tunajua ataanza kuulizia nini madukani.

Kwamba ni watoto, nakubaliana nawe. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, basi kijana wako ni mtoto bado, na binti yule naye ni mtoto. Ndiyo maana nataka jambo hili liamuliwe shuleni. Wapo watakaomchochea baba wa binti aende polisi, maana sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 ipo na ina makali. Ukiona shule inalizima, usimlaumu akienda.

Viboko hapana. Kanuni zinaruhusu visizidi vinne. Vinne vinaisha kabla kengele haijalia, na jioni kijana anasimulia alivyovipokea bila kutikisika. Atakuwa amelipa kwa mwalimu wa nidhamu, ambaye hakumkosea. Kukosa kambi ni adhabu inayofanana na kosa, kwa sababu kosa lilifanywa na wanamichezo, kwa jina la timu, juu ya wanamichezo wenzao.

Inauma, sikufichi. Yuko Kidato cha Nne, UMISSETA nyingine huenda asiipate. Lakini adhabu ya mchezaji kijana lazima iwe na mlango wa kurudia, na huo ndio ukaudai kwa mkuu wa shule badala ya kudai msamaha. Mwaka 2021 Ollie Robinson alichezea timu ya taifa ya kriketi ya England kwa mara ya kwanza, na siku hiyohiyo yakaibuka maneno ya kibaguzi na ya kudhalilisha wanawake aliyoandika Twitter akiwa na miaka 18 na 19. Yake yalikuwa hadharani, si ya faragha kama haya. Alisimamishwa, akatozwa faini ya pauni 3,200, akafungiwa mechi nane, tano kati ya hizo zikiwa za kuning’inizwa kwa miaka miwili asije akarudia. Agosti ya mwaka huohuo alikuwa amerudi uwanjani. Alihukumiwa, akatumikia, akacheza.

Basi nenda shuleni pamoja na kijana, ukaombe kila mmoja asikilizwe peke yake kabla ya kuamuliwa. Kusikilizwa ni haki yao ya kikatiba. Aliyebuni jina, aliyeongeza chumvi na aliyetuma stika ya kicheko wasitiwe kapu moja. Uliza adhabu inaanza lini na inaisha lini, na ikiisha iwe imeisha, isije ikamfuata hadi kwenye barua ya tabia njema atakapoondoka shule. Na jina la binti lisitajwe kwenye mkutano wowote, wala paredi.

Mjumbe wa bodi usimpigie. Wazazi wa yule binti huenda hawana namba ya mjumbe yeyote.

Kuna jambo hukuniuliza, ila nakujua, maana ndivyo tulivyolelewa. Utataka kukusanya wazee wawili, doti ya kanga na kreti ya soda, mwende kwao mkayamalize. Subiri. Nimeona suluhu za namna hiyo. Watu wazima wanakaa sebuleni, wanaelewana haraka kwa sababu wanaona haya wenyewe kwa wenyewe, kisha mtoto wa kike anaitwa kutoka jikoni aseme yameisha. Atasema nini mbele ya wajomba? Anasema yameisha. Kesho yake kila anayemwona na uso wa huzuni anamwambia si ulisamehe. Waone wazazi wake ukipenda, kwa ajili yako wewe, uwaambie umeona aibu na hutatumia mtu kulizima. Binti mwachie. Mpitie mwalimu wa kike wa michezo, amuulize kama anataka kupokea neno kutoka kwa kijana wako. Akikataa, limekwisha hapo, na kijana akae na kukataliwa kwake. Akikubali, kijana aandike kwa mkono: niliandika hivi, juu yako, halikuwa kweli wala haki. Asiandike “kama nilikukwaza.” Wala asije akaweka msamaha kwenye status, watu mia wakapita wakibofya mioyo.

Sasa huyo usiyesema naye. Kosa alilo nalo ni dogo na lina jina: picha zile angempelekea mwalimu au wewe, si rafiki, kwa sababu kwa rafiki zimetapakaa na kumuumiza binti mara ya pili. Hilo mwambie. Lakini jiulize kwanza kwa nini hakukuletea wewe. Ni msichana, umri wake uko karibu na wa wale waliopewa maksi, na analala chumba cha pili na kaka anayezitoa. Alizisoma zile meseji akiwa ndani ya nyumba yako. Ungempa jibu gani usiku ule, ukiwa unajua kambi iko karibu na watu wa Dar wanakuja? Nadhani alikwisha kulikisia. Na kila siku unayokaa kimya unamthibitishia kwamba alikisia sawa. Zungumza naye leo, kabla ya kwenda kwa mkuu wa shule, na umwambie kaka yake mbele yake kwamba hakuna ruhusa ya kumwita msaliti humo ndani.

Kuhusu klabu, watakuja au hawatakuja. Wakimhitaji beki wa kushoto watamwita kwenye majaribio, maana beki wa kushoto mzuri haokotwi. Wakiuliza kwa nini hakuwa kambini, ajibu mwenyewe, wewe usimjibie: niliandika maneno mabaya juu ya wachezaji wenzangu wa kike, shule ikaniadhibu, nimetumikia. Aseme hayo tu, bila kumtaja binti wala dada yake.

Shangazi