Baraza la Wazazi Lianzie Darasani

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo (1965), unafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Je, ulezi huo unakoma kwenye geti la shule ya Serikali?

La hasha. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inatambua kamati ya shule. Lakini kamati ni watu wachache. Mzazi wa kawaida anabaki nje. Ndiyo maana ya umoja wa wazazi na walimu, UWAWA. Kanuni ya auni, aliyoifafanua Papa Pius XI mwaka 1931, inatuongoza: linalowezekana kwa wadogo, wakubwa wasilipore. Basi kila darasa lichague wawakilishi wake.

Kikwazo ni hofu. Hata baada ya elimu bila ada kuanza mwaka 2016, mzazi akiitwa kikaoni huuliza, "Mchango gani tena?" Kwa wakulima wa Mikese, tunashauri kikao kisigongane na palizi, na ajenda ya kwanza iwe mtoto: nani hajajua kusoma, nani haji shuleni, kwa nini? Fedha zifuate baadaye. Baraza linaloanza na fedha humwona mzazi kama mdaiwa. Linaloanza na mtoto humrudishia ulezi wake.