Herufi na Nia: Sheria ya Kiyahudi Kuhusu Ngozi na Maandishi Matakatifu

Aghalabu herufi huhukumiwa kwa umbo lake: ikisomeka, imetosha. Sheria ya Kiyahudi inayotawala uandishi wa vifaa vitakatifu haikubaliani na msimamo huo. Vifaa vyenyewe ni gombo la Torati lisomwalo katika sinagogi. Tefilini, yaani vijisanduku vya ngozi vyenye maandishi ndani, vifungwavyo mkononi na kichwani wakati wa sala. Na mezuza, maandishi yawekwayo kwenye mwimo wa mlango.

Kazi huanzia kwenye ngozi. Sharti iwe ya mnyama wa jinsi inayoruhusiwa kuliwa, kama vile ng'ombe, mbuzi au kondoo, hata ikiwa mnyama mwenyewe alikufa kibudu na nyama yake ikawa haramu. Maimonides, aliyefariki mwaka wa 1204, anaeleza kuwa ngozi hunyonyolewa, hutiwa chumvi, kisha unga, halafu dawa ya kuikaza. Siku hizi chokaa hutumika zaidi. Lililo zito zaidi ni nia: anayeanza kuitengeneza hutakiwa kutamka kuwa anafanya hivyo kwa ajili ya utakatifu wa Torati au tefilini. Ngozi iliyokusudiwa viatu, hata iwe nyororo namna gani, haifai. Je, asiye Myahudi aweza kuitengeneza? Maimonides alikataa kata kata. Rabi Asher ben Yehiel, aliyefariki mwaka wa 1327, aliikubali ngozi hiyo mradi Myahudi asimame karibu na kusaidia.

Kuhusu maandishi, kila herufi hupaswa kuzungukwa na ngozi tupu. Ikigusana na jirani yake, ni batili. Ugumu huonekana wazi katika daleti na reshi, zinazotofautiana kwa pembe moja tu ya juu. Katika Kumbukumbu la Torati 6:4, neno lenye maana ya "mmoja" huishia kwa daleti. Pembe hiyo ikiviringana, husomeka "mwingine", na ungamo la imani likapinduka.

Mnakili aliyeandika reshi mahali pa daleti aweza kuongeza wino penye pembe. Aliyeandika daleti mahali pa reshi haruhusiwi kuikwangua pembe hiyo, kwa kuwa herufi sharti izaliwe kwa kuandika, wala si kwa kuondoa wino. Hana budi kuivunja, kisha aiandike upya. Ajabu ni kwamba macho hayawezi kuzitofautisha reshi hizo mbili.

Gombo la Torati, lenye herufi 304,805, laweza kusahihishwa popote. Tefilini na mezuza huandikwa kwa mfuatano. Kosa likigunduliwa baadaye, yote yaliyolifuata hufutwa. Na kwa vile jina la Mungu halifutwi, likiwa limeshaandikwa baada ya kosa hilo, kazi nzima imepotea.

Herufi yenye shaka huonyeshwa mtoto asiye mwerevu mno wala mjinga. Msomi hukisia neno kutokana na maana. Mtoto husoma anachokiona. Leo kompyuta nazo hukagua maandishi, zikabaini herufi zilizorukwa au kugusana. Hata hivyo, haziwezi kujua kama pembe ilikwanguliwa, wala kama mnakili alitamka nia yake kabla ya kuandika jina la Mungu. Ajuaye hayo ni yeye peke yake, na anayenunua tefilini humwamini.