Karatasi Tatu, Damu Moja: Namna ya Kuyasoma Majibu ya Vipimo vya Upungufu wa Madini Chuma

Mama mjamzito wa miaka 27 ameweka mezani karatasi tatu. Ya kwanza aliandikiwa katika zahanati ya kata mimba ilipokuwa na wiki 12: wingi wa damu 11.4. Ya pili ni ya kituo cha afya, wiki ya 30: 9.8. Ya tatu imetoka maabara ya binafsi mjini siku kumi baadaye, imechapwa kwa kompyuta, nayo ina namba mbili: himoglobini 106 na feritini 48. Mbele ya hiyo feritini pameandikwa kwamba ipo ndani ya kiwango cha kawaida. Mumewe anauliza ipi kati ya hizo ni ya kweli. Mama mkwe hana haja ya kuuliza. Kwake, vipimo vinavyopingana ni ushahidi kwamba hakuna anayejua, na vile vidonge vya kuongeza damu vinavyomtia mkaza mwanawe kichefuchefu na kumfunga choo vinafaa kuachwa leo hii.

Mama huyu ni wa mfano, lakini karatasi za namna yake si ngeni katika vituo vya kutolea huduma. Utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa mwaka 2015-16 ulionesha kuwa takribani wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania walikuwa na upungufu wa damu, na ukosefu wa madini chuma ni miongoni mwa sababu zake kubwa. Kwa mjamzito jambo hili lina uzito wa pekee. Kila uzazi huambatana na kupoteza damu kiasi, na mama anayeingia chumba cha kujifungulia akiwa na damu pungufu huzidiwa mapema kuliko mwenzake hata kwa damu ambayo mwenzake angeimudu. Kwa hiyo swali la mume linastahili jibu kabla vidonge havijatupwa.

Jambo la kwanza ni kwamba namba hizo hazipimi kitu kimoja. Himoglobini ni ile sehemu ya chembe nyekundu za damu inayobeba hewa safi kutoka mapafuni na kuisambaza mwilini, nayo hutengenezwa kwa madini chuma. Feritini huonesha akiba ya madini hayo iliyowekwa, hasa katika ini na uboho wa mifupa. Mkulima ataelewa upesi akifikiria unga ulio jikoni na mahindi yaliyo ghalani. Ghala huanza kupungua wakati jikoni bado kunapikwa kama kawaida, na siku unga unapokosekana jikoni, ghala lilikwisha zamani. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na himoglobini ya kuridhisha huku akiba yake ikiwa ukingoni.

Jambo la pili ni vizio, nalo huwachanganya watu kuliko inavyostahili. Zahanati nyingi huandika himoglobini kwa gramu katika desilita moja ya damu, ilhali baadhi ya mashine huchapa kwa gramu katika lita moja. Lita ina desilita kumi. Basi 106 ya mjini ni 10.6 ya zahanati, wala damu ya mama haikuongezeka mara kumi kwa siku kumi. Feritini nayo huandikwa kwa mikrogramu katika lita au kwa nanogramu katika mililita, na hapo namba haibadiliki hata kidogo.

Baada ya kusawazisha vizio, mama anabaki na himoglobini tatu: 11.4, kisha 9.8, kisha 10.6. Mpaka uliowekwa na Shirika la Afya Duniani kwa mjamzito ni 11 katika miezi mitatu ya kwanza na mitatu ya mwisho. Katika miezi ya kati, mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2024 umeuweka kwenye 10.5. Chini ya 7 ni upungufu mkali usiongoja siku nyingine. Mpaka hushushwa katika miezi ya kati kwa sababu ya maumbile yenyewe: mimba inapokua, majimaji ya damu huongezeka haraka kuliko chembe nyekundu, hivyo damu ya mama huwa nyepesi hata kama hakupoteza tone. Sehemu ya mteremko kutoka 11.4 hadi 9.8 inaweza kutokana na hali hiyo. Sehemu tu, kwa maana katika wiki ya 30 mjamzito mwenye akiba ya kutosha hutarajiwa kuwa juu ya namba hiyo.

Namna damu ilivyochukuliwa ni sababu nyingine, nayo haizungumzwi vya kutosha. Katika zahanati na vituo vya afya, kipimo hiki kwa kawaida hufanywa kwa tone la kidoleni na kifaa kidogo cha mkononi. Kifaa hicho ni kizuri kikitumiwa ipasavyo. Lakini kidole kikiwa baridi na mpimaji akakikamua kwa nguvu, tone hutoka limechanganyika na majimaji ya nyama na namba hushuka. Tone la kwanza lisipofutwa, povu la hewa likiingia kwenye kijikasha cha kupimia, au kopo la vijikasha likiachwa wazi siku nyingi mahali penye unyevunyevu, majibu hupotoka. Hata pasipo kosa lolote, matone mawili ya vidole viwili vya mtu mmoja yanaweza kutofautiana kwa nusu gramu, na mara nyingine kukaribia gramu nzima. Damu ya mshipani inayojazwa kwenye chupa na kupimwa kwa mashine kubwa haiyumbi kiasi hicho. Zipo pia sehemu ambako tone la damu hulinganishwa na kadi yenye rangi nyekundu za ukolezi tofauti. Kadi hiyo hupanda kwa gramu mbili mbili, kwa hiyo haiwezi kutofautisha 10.2 na 10.9 hata ikishikwa na mtaalamu hodari.

Mwili wenyewe nao hubadilika. Aliyeharisha au kutapika bila kunywa maji ya kutosha damu yake huwa nzito, na namba hupanda kwa uongo. Aliyelala kwa muda hupata namba ya chini kidogo kuliko akiwa amesimama. Anayeishi nyanda za juu, mathalani Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mwili wake hutengeneza himoglobini zaidi kwa sababu hewa ni nyepesi, hivyo wataalamu hupunguza kiasi fulani katika namba yake kabla ya kuilinganisha na mpaka. Akihamia Pwani na kupimwa baada ya miezi kadhaa, asishangae akiona imeshuka.

Hapo ndipo inapofika zamu ya malaria, ambayo katika karatasi za mama huyu ndiyo iliyovuruga hesabu zaidi ya yote. Siku alipopata 9.8 katika kituo cha afya alikuwa na homa, akakutwa na malaria na kupewa dawa. Vimelea vya malaria huharibu chembe nyekundu, kwa hiyo himoglobini ya siku hiyo ilikuwa na sababu zaidi ya moja ya kuwa chini. Lakini feritini hufanya kinyume. Mwili ukiwa unapambana na maambukizi, huyafungia madini chuma ghalani yasiwafikie wadudu wa maradhi, na feritini hupanda katika damu. Hupanda kwa malaria, homa ya mapafu, kifua kikuu, maradhi ya ini, hata kwa jipu kubwa. Baada ya maambukizi kutibiwa huchukua muda kurudi mahali pake.

Feritini 48 iliyopimwa siku kumi baada ya malaria haimaanishi, basi, kwamba ghala lina akiba. Kwa mtu mzima asiye na maambukizi, Shirika la Afya Duniani huhesabu chini ya 15 kuwa akiba imekwisha. Kwa mwenye maambukizi, hata namba iliyo chini ya 70 inaweza kuashiria upungufu. Kompyuta ya maabara iliyochapa "kawaida" haikuambiwa habari za homa wala za mimba. Ililinganisha 48 na kiwango ilichowekewa, ikamaliza kazi yake. Isilaumiwe, ila neno lake lisichukuliwe kuwa hukumu.

Kipo pia kipimo cha madini chuma yaliyomo katika majimaji ya damu siku ile, ambacho baadhi ya wananchi hukilipia wakidhani ndicho hasa chenye jina la tatizo lao. Namba yake hupanda na kushuka ndani ya siku moja, na hupaa kwa saa kadhaa baada ya kumeza kidonge. Kikisomwa peke yake hakisaidii sana, na kwa familia yenye fedha za kuhesabu, nauli ya kurudi kliniki ina faida zaidi.

Mtaalamu akiziweka karatasi tatu pamoja na tarehe zake, mimba, homa na aina ya kipimo, picha iliyoonekana kupingana hutulia. Wiki ya 12 mama alikuwa juu kidogo tu ya mpaka. Mimba ikakua, mahitaji yakaongezeka, malaria ikaja juu yake, akafika 9.8. Baada ya kutibiwa malaria alikuwa kwenye 10.6, na tofauti hiyo inaweza kuwa nafuu ya kweli au tofauti kati ya tone la kidole na damu ya mshipani. Namba hizo mbili za mwisho zote zipo chini ya 11, na hakuna karatasi inayothibitisha kwamba ana akiba. Jibu la mume, kwa hiyo, ni kwamba zote tatu zinaweza kuwa za kweli, na hakuna hata moja inayosema vidonge viachwe.

Kichefuchefu na kufunga choo ni kero za kweli na zinatakiwa kusemwa kliniki, si kufichwa kwa kuvitupa vidonge chooni. Mara nyingi hupungua kidonge kikimezwa usiku au pamoja na chakula kidogo. Kinyesi kuwa cheusi hakina madhara kwa anayetumia vidonge hivyo. Chai na kahawa hupunguza madini yanayofyonzwa, hivyo zitengwe na kidonge kwa saa moja au mbili; chungwa, pera au embe husaidia. Udongo unaouzwa sokoni kwa jina la pemba unahitaji kutajwa bila kumcheka mtu. Hamu ya kuula mara nyingi huenda pamoja na upungufu wenyewe wa madini chuma, na udongo huo unaweza kuzuia madini kufyonzwa. Mjamzito anayeula amwambie muuguzi, kwani hamu hiyo ni taarifa ya kitabibu kama ilivyo namba ya kipimo.

Kipimo kinachofuata hufanywa baada ya wiki nne hivi, ikiwezekana katika kituo kilekile na kwa kifaa cha aina ileile, mgonjwa akiwa hana homa. Himoglobini ikipanda kwa takribani gramu moja au zaidi, mwili umejibu kwa vitendo swali ambalo feritini ilishindwa kulijibu. Isipopanda, na vidonge vilimezwa kweli, sababu nyingine hutafutwa: minyoo ya safura, kichocho, selimundu, ukosefu wa asidi ya foliki au vitamini B12, au damu inayopotea taratibu mahali pasipoonekana. Mwenye selimundu anahitaji uangalizi tofauti, wala asiongezewe madini chuma kwa kubahatisha.

Upande wa huduma nao una deni. Karatasi ndogo iliyoandikwa "HB 9.8" bila tarehe, bila kizio na bila kueleza kama damu ilitoka kidoleni au mshipani humfanya mwananchi abebe namba asiyoweza kuilinganisha na nyingine. Mteja ana haki ya kuomba mambo hayo yaandikwe, na majibu yote, pamoja na ya maabara ya binafsi, yanakiliwe kwenye kadi yake ya kliniki. Kuomba hivyo si utovu wa adabu. Anayehama kituo aende na kadi yake na karatasi zote, hata zile anazodhani zina makosa.

Zipo dalili ambazo hazisubiri kulinganisha karatasi: kuhema akiwa ameketi, moyo kwenda mbio bila kazi, kizunguzungu cha kuanguka, viganja na kope za ndani kupauka sana, au kutokwa damu. Mjamzito mwenye mojawapo apelekwe kituoni siku hiyohiyo, usiku au mchana.

Mama wa mfano alirudi kituo cha afya wiki ya 35, safari hii akifuatana na mama mkwe. Alikuwa amehamishia kidonge usiku na kuacha udongo, ingawa si kila siku. Kidole kilipashwa moto, tone la kwanza likafutwa. Kifaa kilionesha 10.9. Muuguzi aliandika namba hiyo chini ya zile tatu, na tarehe pembeni yake, akawaeleza kwamba vidonge vitaendelea hadi baada ya kujifungua, na kwamba kwa damu iliyo bado chini ya mpaka, uzazi huu usifanyike nyumbani. Mama mkwe aliuliza kituo kina akiba ya damu au itabidi kwenda hospitali ya wilaya, na ndugu yupi anafaa kuandaliwa kuchangia. Waliketi kupanga usafiri.