Usimuulize Babu Aliua Wangapi

Wadogo zangu, safari hii kona imevamiwa na kitabu. Si mapenzi, si mama mkwe, si mchango wa harusi ya mtu mliyekutana naye mara moja kwenye mchomoko wa kwenda Bunda. Kitabu! Nimefurahi mpaka barua za wivu nimeziweka pembeni. Wenye wivu vumilieni, wivu wenu hauozi.

Barua yenyewe hii hapa, nimeipunguza kidogo:

"Shikamoo dada. Tuna kikundi cha kusoma hapa Bweri, karibu na stendi. Wengine tumemaliza kidato cha sita tunasubiri matokeo, wengine bado wako shule. Tunasoma Waiting, riwaya ya Goretti Kyomuhendo wa Uganda, inayohusu vita vya kumng'oa Amin. Nakala ziko mbili tu, tunapokezana. Sasa kuna ugomvi. Wavulana wanasema hiyo si riwaya ya vita, maana kurasa zinapita hujaona hata kifaru. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba babu yangu alikwenda vita vya Kagera. Jumapili nilimsomea kipande kuhusu askari wa Tanzania aliyekaribishwa kijijini, yule Bahati, na msichana anayemtazama sana. Nikamuuliza babu kama na yeye aliacha mchumba Uganda. Nikaongeza, aliua wangapi. Aliinuka bila kusema neno, akaenda kwa ng'ombe wake. Tangu hapo anaitikia shikamoo basi. Bibi naye ananitazama kwa jicho baya. Nimekosa nini? Mjukuu, Bweri."

Marahaba, mdogo wangu. Tuanze na hilo dogo, kisha tuketi vizuri kwa hilo kubwa.

Kwa wasiokijua, kitabu hiki kilitoka 2007, kwa Kiingereza. Anayesimulia ni Alinda, binti wa miaka 13, kijijini Hoima, magharibi ya Uganda, mwaka 1979. Jeshi la Amin linashindwa, askari wake wanakimbilia kaskazini, na njiani wanapora na kuua. Giza likiingia familia ya Alinda haithubutu kulala ndani, inajificha migombani. Mama ana mimba iliyokomaa. Kuna bibi kizee, kuna jirani wa kabila la Walendu ambaye watu wanamkwepa mpaka siku wanayomhitaji. Halafu wanafika wakombozi, ndio sisi hao. Niishie hapo, nisije nikawamalizia kitabu. Mwandishi naye alizaliwa Hoima, 1965, kwa hiyo mwaka ule alikuwa karibu rika moja na binti yake wa hadithini.

Enyi vijana wa "hujaona hata kifaru", nawaelewa. Mmekulia kwenye vibanda vya sinema, vita kwenu ni mtu mmoja mwenye kitambaa kichwani anamaliza kikosi kizima. Lakini hebu wahesabuni watu wa vita ile. Jeshi letu lililokuwa halifiki watu 40,000 lilipanuliwa mpaka likapita 150,000, wakiwemo mgambo waliotolewa mashambani na maofisini. Ni wengi, sawa. Ila nchi nzima ilikuwa na mamilioni, na hao wengine wote vita iliwakuta jikoni, shambani, kwenye foleni, mgongoni wana mtoto. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalipoiteka sehemu ya Kagera iliyo kaskazini ya mto, wenye nyumba ndio waliochomewa nyumba, wenye ng'ombe ndio walioswagiwa ng'ombe. Kifaru kilipita siku moja, njaa ikabaki.

Tena msiende mbali. Hapa hapa Musoma, mwanzoni mwa Novemba 1978, ndege zetu wenyewe tatu zilidunguliwa na walinzi wetu wenyewe waliodhani ni za Amin. Mwezi Machi uliofuata ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ilitumwa kuipiga Mwanza, mabomu yake yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala wa watu. Swala! Mnaona vita isivyo nadhifu kama sinema? Mkikutana tena, swali la kikundi liwe hili: siku ndege zile zilipodunguliwa, mama muuza samaki pale Mwigobero alifanya nini? Alifunga meza akakimbia, au alimalizia kwanza kuuza? Mkianza kubishana juu ya huyo mama, mtakuwa mmeingia ndani ya kitabu cha Kyomuhendo bila kujijua.

Sasa babu.

Mdogo wangu, mjukuu na babu ni watani, hilo halina ubishi. Anakuita mke wake mdogo, unamwambia meno yamekwisha hawezi kukulisha, mnacheka. Ndiyo maana ulijiona una ruhusa. Lakini tazama ulichofanya kwa pumzi moja: umemuuliza juu ya mwanamke wakati Bibi yuko pale pale anasikia, halafu ukamuuliza juu ya watu aliowaua, kana kwamba unauliza idadi ya magoli. Swali la kwanza limembana kwa mkewe. La pili limembana kwa nafsi yake. Mwanaume wa Mara, mzee, aliyefundishwa tangu jandoni kwamba hodari haonyeshi maumivu, akibanwa pande zote mbili atakwenda wapi? Kwa ng'ombe. Ng'ombe hawaulizi.

Na hilo swali la "uliua wangapi" nawaomba wote mliache, hata kwa utani. Lina majibu matatu na yote mabaya. Kama hakuua, unamfanya aone vita yake haikuwa na maana, wakati pengine alibeba masanduku ya risasi na majeruhi mgongoni tangu Kyaka. Kama aliua, unataka akutajie mtu kama anayetaja mbuzi aliowauza mnadani. Na kama anayemkumbuka ni rafiki aliyekufa ubavuni mwake, basi umefungua kidonda kingine kabisa, tena mbele ya watoto.

Usiende kumwomba radhi kwa hotuba. Wazee wetu wengi hotuba ya mjukuu inawachosha. Mpelekee chai, au uji kama ndio anaopenda, kaa chini karibu naye, nyamaza kidogo. Mwambie tu, "Babu, juzi niliuliza vibaya." Basi. Usieleze zaidi. Akinyamaza, na wewe nyamaza. Kesho yake au keshokutwa, anza na vitu vya miguuni na tumboni. Mlivaa viatu gani? Mlikula nini mkiwa porini? Mvua iliwakuta wapi? Jeshi letu lilitembea kwa miguu sehemu kubwa ya njia ile, tena wakati wa masika, na pale Lukaya barabara inakatiza kinamasi. Askari hata awe mkimya namna gani, ukimuuliza juu ya buti zilizolowa atakueleza mpaka usinzie.

Ukitaka ufunguo mwingine, muulize kama aliwahi kumwona Mzee Musuguri. David Musuguri alikuwa wa hapo Butiama. Aliingia jeshi la mkoloni 1942, akaongoza Divisheni ya 20 katika vita vile, kisha akawa Mkuu wa Majeshi tangu 1980 hadi 1988. Alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Mtajie mpiganaji wa Mara jina hilo uone mgongo unavyonyooka. Yupo atakayesema alipeana naye mkono, yupo atakayesema alimwona kwa mbali tu juu ya gari, na yupo atakayetia chumvi. Mwache atie. Si mahakama hii.

Kama atafika mwenyewe kwenye mambo mazito, usichomoe simu kumrekodi bila kumwomba. Na akikuambia jambo na kusema "hili libaki hapa", libaki hapo. Lisiende kwenye kikundi cha kusoma, lisiende kwenye simu za watu. Mnaweza kumjadili Bahati wa kitabuni usiku kucha. Babu wa mtu si mhusika wa riwaya.

Nije kwa Bibi, maana nadhani kesi iko kwake. Barua yako ndefu, mdogo wangu, na Bibi umempa sentensi moja, tena ya jicho baya. Umejiuliza alikuwa wapi 1979? Wakombozi waliingia Kampala tarehe 11 Aprili mwaka huo, lakini askari wetu wa mwisho waliondoka Uganda 1981. Kama babu alibaki huko, huyu mama alikaa na watoto, shamba na mifugo, akisikiliza Radio Tanzania kwa jirani, hajui kama atakayebisha hodi ni mume au ni mtu wa kata mwenye habari. Vita vilipokwisha Mwalimu alitutaka tufunge mikanda miezi 18, na wazee wenu watawaambia mikanda ile haikufunguliwa. Ndipo zikaja foleni za sukari na sabuni, na unga wa yanga ambao mpaka leo kuna wazee wakiona unga wa njano wanageuza uso. Hayo yote Bibi anayo kichwani. Wewe ukaja na kitabu cha wanawake waliosubiri vita vipite, ukamsomea Babu, tena kipande cha wachumba!

Kamsomee Bibi. Anza mwanzo kabisa, wanapokwenda kulala migombani, umfasirie polepole kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani kama unaimudu. Usimuulize chochote. Atakukatiza mwenyewe.

Kuna kijana katika kikundi hicho hicho aliyeniandikia kivyake, anasema mwandishi "anatuchafua" kwa kumweka askari wetu karibu na wasichana wa kijiji. Kaka, tulia. Waganda waliwaita askari wetu bakombozi, wakawapokea kwa ngoma, na hayo kitabu hakiyafichi. Lakini mtu akikaa ugenini miaka miwili na bunduki begani, ana miaka ishirini na kitu, hawi malaika kwa sababu ana bendera yetu. Msichana wa Hoima ana haki ya kusimulia wageni alivyowaona sebuleni kwao, kama sisi tunavyosimulia wageni wetu. Ukitaka kumpinga Kyomuhendo, mpinge kwa ukurasa: soma hapa, hapa Bahati amekosewa, kwa sababu hii. "Anatuchafua" si hoja, ni hasira ya uwanja wa mpira.

Na kama nyumbani kuna mzee anayeamka usiku akipiga kelele, au akisikia fataki anajificha, hilo si la kikundi cha kusoma wala la Dada. Zungumza na wakubwa wa nyumbani apelekwe akaonwe na daktari, hata kule hospitali ya rufaa Kwangwa. Miaka mingi imepita, najua. Vita navyo vinajua kungoja.

Zimebaki mbili fupi.

"Mura wa Buhare" analalamika kwamba mwenzao anasoma mbele usiku halafu anawamalizia wote hadithi. Dawa yake ni moja: mpeni kazi ya kusoma kwa sauti. Anayesoma kwa sauti hana pa kukimbilia, na koo likikauka umbea unapungua. Kama hata hivyo ataendelea, nakala ilale kwa mwingine.

Wa mwisho ni dada wa Bunda. Kiingereza cha Waiting kinamchosha, anaona aibu kuwaambia wenzake. Aibu ya nini, mdogo wangu? Nusu ya hao wanaotikisa kichwa hawajaelewa. Pendekeza kila sura mtu mmoja aisome, mwingine aisimulie upya kwa Kiswahili, na mabishano yote yawe kwa Kiswahili. Anayesimulia ndiye atakayekamatwa kama hakuelewa, si wewe. Na kama mnataka riwaya ya Kiswahili baada ya hii, itafuteni Peponi ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel 2021. Ida Hadjivayanis ndiye aliyeifasiri, Mkuki na Nyota wakaichapa 2022. Ni ya kijana Yusuf anayetolewa rehani na wazazi wake kwa deni. Vita ya Wajerumani na Waingereza inabisha hodi mwishoni kabisa, na anachokifanya Yusuf hapo kitawagombanisha nyinyi mpaka mama muuza uji awafukuze. Ulizeni kwanza maktaba ya mkoa hapo mjini Musoma kabla ya kuchanga fedha. Mkiikosa, changeni, na nakala ikikaa kwa mtu zaidi ya wiki mbili, alipe faini ya maandazi kwa kikundi kizima.