Kuliondoa Jukwaa: Ufundishaji wa Ushairi Unaomjengea Mwanafunzi Kujiamini na Kujitegemea

Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya upili nchini Kenya hufunzwa ushairi kwa mashairi ambayo aghalabu mwalimu ndiye huyachambua. Katika karatasi ya tatu ya mtihani wa KCSE, hulikabili shairi asilolijua, tena peke yake. Aliyezoea kunakili maelezo ya mwalimu au ya miongozo huweza kuyakariri yote, lakini mbele ya shairi geni huduwaa. Makala haya yanashikilia kuwa mara nyingi kinachomponza si uhaba wa maarifa, bali ni kutowahi kuachiwa kazi aifanye mwenyewe.

Msingi wa nadharia

Mwaka 1976, David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross waliufananisha msaada wa mwalimu na jukwaa la waashi. Jukwaa husimamishwa ili ukuta upande. Ukuta ukishasimama, jukwaa huondolewa. Naye Albert Bandura, mwaka 1977, alieleza kuwa chemchemi kuu ya kujiamini ni mtu kufanikiwa kwa juhudi zake. Sifa za mwalimu husaidia, ila haziwezi kuchukua nafasi ya ushindi huo.

Utekelezaji darasani

Chukua tarbia yenye beti nne. Katika ubeti wa kwanza, mwalimu huchambua kwa sauti, akidhihirisha anavyofikiri: anavyohesabu mizani 8 za ukwapi na 8 za utao, anavyobaini vina, na anavyokisia maana ya msamiati kutokana na muktadha. Ubeti wa pili, yeye huuliza na darasa hujibu. Wa tatu huchambuliwa na wanafunzi wawili wawili. Wa nne ni wa kila mmoja peke yake, daftari likiwa limefungwa.

Katika hatua zote, mwalimu avumilie kimya baada ya kuuliza. Utafiti wa Mary Budd Rowe katika miaka ya 1970 ulionyesha kuwa akisubiri walau sekunde 3, majibu ya wanafunzi huwa marefu na yenye hoja zaidi. Aidha, swali "Umejuaje?" liulizwe kwa jibu sahihi na lisilo sahihi sawia, ili mwanafunzi ajifunze kuupima ushahidi badala ya kuusoma uso wa mwalimu.

Pingamizi

Huenda ikadaiwa kuwa muhula ni mfupi na madarasa yamefurika. Ni kweli kwamba mashairi ya mwanzo yatachukua muda. Hata hivyo, mwanafunzi aliyepata mbinu hahitaji kuchambuliwa kila shairi lijalo, na hapo muda uliotumika hurejea.

Hitimisho

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwalimu asiyempa mwanafunzi wake jembe humfanya mgeni wa kudumu katika lugha yake mwenyewe.